Kabla ya kuchora H, tazama juu

Tangu teksi ya angani isiyo na rubani irushwe Kigali, Septemba 2025, wenye hoteli na majengo marefu wa Kampala wanatuuliza swali lilelile: nikitaka kituo cha teksi hizo, nikimwaga zege juu ya paa na kuchora H, ile alama ya kutulia helikopta, si yatosha? Haitoshi. Zege ndiyo kazi rahisi.

Vipimo vyote huanzia kwenye chombo chenyewe. Chora duara dogo kabisa linaloweza kukibeba chombo chote pamoja na mapangaboi yake. Upana wa duara hilo huitwa D. Mwongozo wa mamlaka ya anga ya Marekani wa Septemba 2022, kwa ndege za umeme zinazopaa wima, kabla ya kurekebishwa Desemba 2024, ulitaka sehemu ya kukanyagia iwe na D moja, eneo la kukaribia na kuondokea D mbili, na ukanda wa usalama ufike D tatu. Kwa kipimo hicho, chombo chenye D ya mita 12 kilidai mita 36 kwa 36, bila tangi la maji, dishi wala kamba ya kuanikia nguo.

Halafu kuna njia ya angani, na hapa ndipo wengi hukwama. Kila mita 8 unazokwenda mbele kutoka ukingo wa eneo la kukaribia na kuondokea, kizuizi kinaruhusiwa kupanda mita 1 tu, hivyo hivyo hadi kama kilomita 1.2. Mfenesi wenye kimo cha mita 15, ukiwa mita 80 kutoka ukingoni, umeshaziba njia: pale mwisho ni mita 10. Na mfenesi ni wa jirani! Leo atakubali kuupogoa. Mwakani atapangisha kiwanja kwa kampuni ya simu, mnara usimame, na kituo chako kigeuke pa kuanikia kahawa. Mimi, kabla ya kufunua mchoro, huuliza ardhi ya ng'ambo ya ua ni ya nani.

Upepo je? Mliowahi kusimama kando ya uwanja wa shule helikopta ya mgombea ikitua mnajua: vumbi jekundu, watoto wamefumba macho, mabati ya choo yanapigapiga. Umeme hauondoi hilo. Uzito hubebwa kwa kusukuma hewa chini, iwe kwa mafuta au kwa betri.

Kwetu kuna mawili zaidi. Entebbe iko mita 1,153 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na jua la mchana huizidishia wepesi. Mota huchoka mapema kuliko pwani. Tena kuna kaloli, wale korongo wakubwa wala taka: usijenge karibu na jalala.

Betri za lithiamu zikiungua huweza kuwaka upya saa kadhaa baada ya kuzimwa. Panga maji mengi, na mahali pa kukitenga chombo. Lakini nenda kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda na ramani ya majirani wote, saruji ikiwa bado dukani.