Mnyoo aliyenyamazishiwa jeni hajakatwa jeni

Tangu Kenya ilipoondoa marufuku ya GMO (viumbe vilivyobadilishwa jeni) mwaka 2022, maswali yanayofika mezani kwetu yamegeuka. Zamani tuliulizwa habari za mahindi. Sasa tunaulizwa kama "minyoo ya maabara" itaingia tumboni mwa watoto. Haitaingia. Mnyoo huyo, Caenorhabditis elegans, ana urefu wa milimita moja hivi, hukaa kwenye udongo na matunda yaliyooza, na chakula chake ni bakteria. Tumelieleza hili mara nyingi.

Mwaka 1998 Andrew Fire, Craig Mello na wenzao walionyesha kuwa RNA (molekuli jamaa ya DNA, ambayo pia hubeba ujumbe wa jeni) ya nyuzi mbili ikidungwa ndani ya mnyoo huinyamazisha jeni inayolingana nayo. Ikilengwa jeni ya unc-22, mnyoo hutetemeka. Ajabu ni kwamba molekuli chache tu kwa kila seli zilitosha, na siri yake kubwa ni kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kemia ndani ya seli) kiitwacho RRF-1. Kwanza kimeng'enya kingine, Dicer, huikata RNA hiyo kuwa vipande vya nukliotidi (herufi za RNA) 23 hivi, navyo huusaka ujumbe unaotoka kwenye jeni. Halafu huja RRF-1. Hiki huutumia ujumbe ulionaswa kama kielelezo, kikatengeneza vipande vipya vya nukliotidi 22, vingi kuliko vya mwanzo, bila kumhitaji Dicer tena. Kwenye seli za uzazi kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya cha aina hiyohiyo, EGO-1. Herufi za DNA haziguswi. Kinachoharibiwa ni ujumbe. Na wanaohofia "kuambukizwa" RRF-1 waelewe kwamba kimeng'enya si kijidudu, na mamalia hatuna cha aina hiyo.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo watu huteleza. Watafiti wengi huwalisha minyoo bakteria E. coli waliowekewa maelekezo ya kutengeneza RNA hiyo. Mnyoo anaweza kuwa wa asili kabisa, ila bakteria huyo amebadilishwa, hivyo Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009 inamhusu. Maombi yapitie kwanza kamati ya usalama ya taasisi, ndipo yafike kwenye Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Kibayolojia. Idhini iwe ya maandishi, na ipatikane kabla ya kazi, si baada ya bakteria kuoteshwa. Kila sahani iliyotumika ichemshwe kwa mvuke wenye shinikizo kabla ya kutupwa, hata inayoonekana tupu. Asiye na idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 20, kufungwa kwa muda usiozidi miaka 10, au vyote viwili. Mwanafunzi aliyekuwa "anajaribu tu" asije akashangaa.