Reli ya karanga: Mkwaya ilivyozaliwa na ilivyotoweka

Nikitaja reli ya Kusini mbele ya vijana wa Mtwara au Lindi, hunitazama kama mtu aliyechanganya mikoa. Reli iko Dodoma, Tabora, Kigoma. Kusini kuna bahari, korosho na malori. Lakini reli ilikuwepo. Kuanzia 1949 hadi 1962 treni zilitoka pwani zikaingia bara mpaka Nachingwea, na miaka ya mwisho mpaka Masasi. Na treni ya kwanza haikuanzia Mtwara. Ilianzia Mkwaya, ndani ya hori la mto Lukuledi, ukipanda nalo kutoka Lindi mjini.

Mimi ni mpima ardhi, na reli hii nilikutana nayo kazini kabla sijaisoma popote. Tulikuwa tunatafuta mpaka wa shamba la mikorosho katika bonde la Lukuledi. Mpaka ukakatiza tuta la udongo lililokwenda moja kwa moja hadi macho yakachoka kulifuata. Nilidhani ni kinga ya mafuriko. Mzee aliyekuwa akituonyesha majirani wa shamba akasimama juu yake, akagonga chini kwa fimbo.

"Mwanangu, hili si la maji. Hapa lilipita gari moshi."

Tangu siku ile nimelitembea kwa vipande, kila nipatapo kazi upande huo, na nimejifunza kulitofautisha na barabara iliyokufa. Barabara hufuata mlima unavyotaka: dereva hubadilisha gia, akapanda. Treni haina uwezo huo. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hushika kidogo sana, na mwinuko ambao wewe unayetembea kwa miguu huusikii unatosha kuichosha injini ya mvuke yenye mabehewa ya mzigo nyuma yake. Ndiyo maana wajenzi wa reli hukata penye kilima na kujaza penye bonde. Ukiona ubavu wa kilima umechimbwa, kisha hatua mia mbili mbele udongo umejazwa, na kimo hakikubadilika, umeipata reli. Tazama na kona pia. Kona ya barabara unaweza kuipiga ghafla, ila kona ya reli ni pana na ya polepole, inaanza kabla hujaitambua. Na chini ya tuta, pale vijito vya msimu vinapopita, kutakuwa na kalavati, kwa sababu tuta lisilo na kalavati huondoka na masika ya kwanza.

Kwa nini basi ilijengwa?

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company, kampuni ya biashara ya Waingereza, alipeleka serikalini wazo la kulima karanga Afrika Mashariki kwa matrekta, kwa ukubwa ambao haukuwahi kuonekana. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka kwa wiki chache na kurudi na mpango wa ekari 3,210,000, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Waziri wa chakula, John Strachey, akaubeba. Maeneo matatu yakachaguliwa hapa kwetu: Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Kongwa na Urambo zilikuwa karibu na Reli ya Kati. Nachingwea haikuwa karibu na kitu. Huu ni ukanda ambao karne nzima mizigo yake ilipanda na kushuka kichwani mwa binadamu. Kumbuka Tendaguru, kaskazini magharibi ya Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, na tani zaidi ya 200 zikabebwa na wapagazi, mwendo wa siku nne hadi Lindi. Mifupa ile leo imesimamishwa Berlin, watu wanalipa kiingilio kuitazama, na majina ya walioibeba hayako ukutani. Miaka minne baadaye, Oktoba 1917, katika bonde hili hili la Lukuledi Wajerumani na Waingereza walipigana vita vya Mahiwa, na humo pia nguvu ya jeshi ilikuwa mabega ya wapagazi. Kwa hiyo aliyesema mwaka 1947 kwamba Nachingwea haiwezekani bila reli alikuwa anasema kweli tupu.

Reli inahitaji bandari. Mtwara ilikuwa na kina cha kutosha meli kubwa kufunga gatini, lakini gati lenyewe lilikuwa halijajengwa, na London haikutaka kusubiri. Hapo ndipo Mkwaya inapoingia. Meli zilitia nanga Lindi, mzigo ukashushwa kwenye matishari, yaani mashua bapa za mizigo, na kuvutwa kupanda hori hadi mahali ambapo reli ingeweza kufika bila kujengewa bandari ya maana. Matrekta, mataruma, saruji, unga, vyote vilipita mlango huo. Likalazwa na bomba la mafuta kuelekea Nachingwea, ili mashine zilizopelekwa kung'oa msitu zipate cha kunywa. Oktoba 1949 njia ya reli ikafika Nachingwea.

Mahali panapoanza reli hapawi kijiji cha kawaida. Injini ya mvuke inataka maji kila mara, inataka mtu wa kuiamsha usiku ili asubuhi iwe na moto, inataka karakana, inataka njia za pembeni za kupangia mabehewa. Wafanyakazi wanataka kulala, kula, kununua sabuni na sigara. Haichukui muda pakawa na mama muuza uji, fundi cherehani, duka. Yule mzee wa fimbo alilikumbuka jambo moja kuliko yote: usiku palikuwa na mwanga. Alitembezwa Mkwaya na mjomba wake akiwa mtoto wa miaka kama sita, na taa za pale zilimzuia kulala.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mradi. Takriban pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea. Sababu zimeandikwa sana, nami sizirudii: udongo wa Kongwa uliokauka kama tofali, mvua zisizotabirika, vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta na kuvunjika. Linalonigusa mimi ni lililofuata. Reli ilikuwa imeshaanza, na kitu kilichokwisha kuanza kina nguvu yake. Gati la Mtwara likakamilishwa, na 1954 njia kutoka Mtwara ikaungana na ile ya zamani mahali paitwapo Ruo.

Siku hiyo Mkwaya ilikwisha kazi. Hapakuwa na sababu ya kushusha mzigo kwenye tishari wakati meli inaweza kuegemea ukuta wa gati Mtwara. Watu wengi wakisimulia habari hii husema Mkwaya iliuawa na karanga. Mimi nasema hapana. Mkwaya iliuawa na reli yake yenyewe ilipopata mlango mzuri zaidi, na ilitangulia kufa wakati treni za Nachingwea bado zinatembea. Ruo nayo, iliyokuwa makutano ya njia mbili, ikabaki stesheni ya kupitia tu.

Mwaka 1958 tawi likafikishwa Masasi, kwa matumaini kwamba mzigo utapatikana. Haukutosha. Treni hulipa ikienda imejaa na ikirudi imejaa, na hii ilikuwa imelazwa kwa ajili ya zao moja ambalo halikuwepo. Mwaka 1962, nchi ikiwa na miezi michache ya uhuru, reli ikafungwa, kisha ikang'olewa.

Siwalaumu walioamua. Serikali changa, hazina tupu, na reli inayokula kila mwaka kuliko inavyoleta: ningekuwa mezani pale huenda ningenyoosha mkono pamoja nao. Lakini uchungu ninao, na sababu yake ni mkorosho. Mkorosho hupandwa leo ukaanza kuzaa kwa maana baada ya miaka kadhaa. Wakulima wa Masasi, Newala na Nachingwea walikuwa wanaipanda wakati treni zile zinapita nusu tupu. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka huku huku Kusini. Miaka kumi na moja tu baada ya reli kufungwa! Ni kweli kwamba baadaye zao lilianguka vibaya, likafika kama tani 16,500 msimu wa 1986/87, watu wakiwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao. Reli ingepitia njaa ile pia. Kisha msimu wa 2017/18 zikavunwa zaidi ya tani 313,000. Anayepita barabara ya Masasi msimu wa minada, akapishana na malori ya korosho ghafi yanayoteremka Mtwara moja nyuma ya lingine, anaiona treni iliyokosekana.

Sehemu nyingine za mradi zilipata maisha mapya. Mtwara ilirithi barabara pana za mji uliochorwa kwa watu wengi kuliko waliokuja. Nachingwea, shamba lililoitwa Farm 17 likawa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, na humo Samora Machel aliwaandaa wapiganaji walioikomboa Msumbiji. Mkwaya haikurithiwa na yeyote. Mikoko ilirudi mahali pake.

Chuma kilikwenda, ila si chote. Kusini, kama kwingine nchini, ukisikia kengele ya shule yenye mlio mkali unaochelewa kuisha, nenda ukaitazame. Mara nyingi ni kipande cha reli kilichotundikwa mtini kwa waya. Kigeuze ubavu. Viwanda vya reli huacha herufi zilizonyanyuka katikati ya chuma, jina la kiwanda na mwaka. Niliyoiona mimi ilikuwa imeliwa na kutu na miaka ya kugongwa, nikapapasa kwa vidole nisiweze kusoma kitu, na watoto wakanizunguka kuuliza natafuta nini.

Sasa kuna mpango wa reli mpya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, takriban kilomita 1,000, na matawi ya kwenda Mchuchuma kwenye makaa ya mawe na Liganga kwenye chuma. Wenzangu wapimaji watapita tena Kusini na vyombo vyao. Ningependa kabla ya hapo tuta la zamani liwe limechorwa lote, maana kila msimu jembe linalipunguza, na udongo wake mzuri wa kujaza unachotwa kwa ajili ya nyumba. Kipande cha bonde la Lukuledi nimeshachukua nukta zake. Nyasi zikikauka, nitaanza upande wa Mkwaya, kutoka kwenye mikoko. Kama baba, babu au mjomba wako alifanya kazi kwenye njia ile, muulize tangi la maji la Ruo lilikuwa upande gani wa reli, uniandikie hapa chini.