Anthony van Dyck: Mfalme mfupi, picha ndefu

Charles wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, alikuwa mfupi wa kimo na mwenye kigugumizi. Ukimtazama katika picha za mchoraji Anthony van Dyck hutayaona hayo, na ndivyo mfalme alivyotaka.

Van Dyck alizaliwa Antwerp, Ubelgiji ya leo, mwaka 1599, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa. Kabla hajatimiza miaka 20 alishaingia katika chama cha wachoraji wa mji huo, na alikuwa akimsaidia Rubens, mchoraji mashuhuri. Akaenda Italia, akawachora matajiri wa Genoa. Mwaka 1632 akahamia London, ambako Charles alimtunuku cheo cha Sir, akampa nyumba katika mtaa wa Blackfriars na posho ya pauni 200 kwa mwaka.

Chukua picha moja iliyoko makumbusho ya Louvre, Paris, ya mwaka 1635 hivi. Mfalme ameshuka kwenye farasi, mkono kiunoni, kofia pana kichwani, taji hana. Mchoraji ametuweka chini, kwa hiyo tunamtazama kwa kuinua macho. Farasi naye kainamisha shingo, maana angeinua kichwa angemfunika bwana wake. Ni ujanja mwepesi, ila sijaona wa zama zake aliyeuficha vizuri zaidi.

Aliwezaje kuchora watu wengi vile? Rafiki yake Jabach, mwenye benki, alisimulia kwamba mteja hakukalishwa zaidi ya saa moja. Saa ikitimia, Van Dyck huinuka, huinama kwa adabu na kupanga siku nyingine. Mtumishi husafisha brashi, na mteja wa pili huyo anaingia. Umbo na mavazi aliyachora kwa chaki kwenye karatasi ya kijivu, robo saa tu, kisha wasaidizi wakayapaka rangi kwenye turubai wakitazama nguo zenyewe zilizoletwa na wateja. Yeye alimalizia. Mikono aliichora kwa kutazama ya watu aliowaajiri, kwa hiyo vile vidole vyembamba vya bibi wa kasri huenda si vyake.

Alifariki London Desemba 1641, akiwa na miaka 42, siku chache baada ya binti yake kuzaliwa. Alizikwa katika Kanisa la St Paul's, na kaburi likateketea katika moto mkuu wa 1666.