Binti kaanza kukua mapema: kuku wa kisasa anahusika?

Swali: Binti yangu ana miaka 8 na miezi 9. Chini ya chuchu ya kushoto ana kijivimbe kama kifungo, akikigusa kinauma. Ni uvimbe?

Jibu: Ni titi linachomoza. Mara nyingi upande mmoja hutangulia, wa pili unafuata baada ya miezi kadhaa. Msikiminye, wala asikubali mtu kukikata, kwani ukikikata umekata titi lenyewe. Wasichana wengi huanza kati ya miaka 8 na 13, na kuvunja ungo huja miaka 2 hadi 3 baadaye.

Swali: Huku Mbagala wanasema ni kuku wa kisasa.

Jibu: Kuku anasingiziwa. Anakua upesi kwa sababu ya mbegu na chakula. Homoni ya ukuaji ni protini, akilishwa inameng'enywa tumboni, na hakuna mfugaji wa kudunga sindano kuku 500 kila siku. Zitazameni chipsi na soda. Mafuta ya mwilini hutoa lepitini, inayoujulisha ubongo kwamba akiba ya chakula ipo. Ubongo nao huamsha ovari. Ndiyo maana msichana mwenye njaa ya muda mrefu au selimundu huchelewa.

Swali: Na ugomvi wa nyumbani?

Jibu: Tafiti kadhaa zimeona wasichana waliolelewa kwenye misukosuko, au bila baba, huwahi kidogo. Kurithi kuna uzito zaidi: muulize bibi yake wewe ulivunja ungo lini. Pia ficheni vidonge vya uzazi wa mpango na krimu za homoni. Krimu huhama kutoka mikono ya mama hadi ngozi ya mtoto.

Swali: Lini twende hospitali?

Jibu: Matiti yakianza kabla ya miaka 8, au akiumwa kichwa huku macho yakififia. Damu ikitoka kabla ya matiti, nendeni siku hiyohiyo: huenda kuna jeraha, kitu kilichoingia ukeni, au ukatili. Daktari hupima urefu, damu, na eksirei ya mkono wa kushoto kujua umri wa mifupa. Balehe ya mapema mno huifunga mifupa mapema. Mtoto wa hivyo aliyekuwa mrefu kuliko wote darasa la tatu anaweza kuishia mfupi. Kwa hiyo mpime bila viatu kila miezi 3, weka alama na tarehe kwenye fremu ya mlango, ukaende nazo.

Akikaribia miaka 10, begi la shule liwe na pedi 2 na chupi ya akiba. Mwambie mapema ni za nini.