Je, dawa za UTI zinaweza kukuletea mistari miwili kwenye kipimo cha mimba?

Mi mwenyewe niliamini hivyo. Dada yangu anakaa Nkuhungu, alikuwa anameza dawa za UTI akapima mimba ikaja mistari miwili, nikamwambia kwa kujiamini kabisa hiyo ni dawa tu, maliza dozi alafu urudie. Hiyo dawa sasa hivi iko darasa la pili.

Haya tunyooshe. Amoksilini haileti mistari miwili, mseto wa malaria hauleti, panadol, vidonge vya majira, sindano ya uzazi wa mpango, P2, bia wala mvinyo wetu wa Dodoma, hakuna hata kimoja. Kipimo hakijui umemeza nini, kinatafuta homoni moja tu inaitwa hCG, inayoanza kumwagwa mimba ikishajishikiza kwenye mji wa mimba. Dawa ya kudanganya ni ile yenye hCG yenyewe ndani, kama sindano wanazochomwa baadhi ya wanaotafuta mtoto. Zingine chache zinatajwatajwa, mfano prometazini, ila ushahidi wake kwa vipimo vya sasa ni mwembamba. Ukijifungua au mimba ikitoka homoni inabaki wiki kadhaa, na kuna saratani zinazoitoa, ndo maana hata mwanaume mwenye saratani ya korodani anaweza kupata mistari miwili.

Kinavyofanya kazi sasa. Chukulia hCG ni kiroba cha karanga chenye mishikio miwili. Ndani ya kile kikaratasi kuna vijana wamevaa fulana za rangi, mkojo ukipita wanatembea nao, kazi yao kushika mshikio mmoja. Kwenye mstari wa T, ule wa kuonyesha mimba, kuna wazee wamekaa hawaondoki, wao wanadaka mshikio wa pili. Kijana akipita na kiroba mzee anadaka, kijana haachii, wanaganda hapo, na fulana zikijazana ndo unaona mstari. Kama hakuna kiroba vijana wanapita zao mpaka mstari wa C, ule wa kuonyesha kipimo kinafanya kazi, wanadakwa kule. Amoksilini haina mishikio hiyo, inapita kama abiria asiye na mzigo.

Alafu kuna kituko nakipenda sana. Viroba vikizidi mno, kila kijana anakuwa na chake, na kila mzee keshadaka kingine kisicho na kijana, mikono imejaa, fulana zinapita tu na mstari wa T unafifia au haupo kabisa! Yani homoni nyingi kupita kiasi inasomeka kama hakuna. Dawa yake? Unachanganya mkojo na maji, unapima tena. Maji hayo hayo ambayo mimba ikiwa changa yanaificha, ndo maana tunaambiwa mkojo wa asubuhi.

Ila usianze kuongeza maji kila ukikosa mstari, hili ni nadra. Hedhi imechelewa na mstari ni mmoja, rudia baada ya siku mbili tatu, na kama kuna maumivu makali ya tumbo au damu nenda hospitali usisubiri mstari. Mstari uliojitokeza baada ya kipimo kukaa nusu saa mezani usiuhesabu, mara nyingi ni alama ya mkojo kukauka.

Kituko hicho kinajulikana zaidi kwenye mimba zabibu, pale kondo linapovimba vifuko vifuko vinavyomwaga hCG nyingi ajabu. Ukishaona kichala cha zabibu za Hombolo, Dodoma, huhitaji kuuliza jina lilitoka wapi.