Kuchuja kwa safu ya kukokotoa: WHERE ikigoma, shukuru

Wanaoanza SQL hulilalamikia kosa hili kuliko mengine: umekokotoa safu, umeipa jina, jina lenyewe liko palepale mistari mitatu juu, halafu WHERE inadai hailijui. Mimi kosa hilo silichukii, maana linakusimamisha. Ninayoyahofia ni maswali (query) yanayopita kimyakimya na kuleta orodha nzuri, kumbe yamewaacha nje walewale uliokuwa ukiwatafuta.

Tuseme tuna majedwali matatu: ankara, bidhaa zilizomo katika kila ankara, na malipo. Tunataka ankara zenye deni. Wengi huanza hivi:

```
SELECT a.id, SUM(b.kiasi) - SUM(m.kiasi) AS deni
FROM ankara a
JOIN bidhaa b ON b.ankara_id = a.id
LEFT JOIN malipo m ON m.ankara_id = a.id
WHERE deni > 0
GROUP BY a.id;
```

PostgreSQL itakujibu kuwa safu ya deni haipo, na iko sahihi. Ingawa SELECT tunaiandika mwanzo, kimantiki hifadhidata huanza na FROM na JOIN, ikaja WHERE, kisha GROUP BY, kisha HAVING, ndipo SELECT ipate zamu yake, na ORDER BY baada ya hapo. WHERE inapochuja, deni bado halijakokotolewa. Ndiyo maana lakabu hiyohiyo, yaani jina ulilolipa safu kwa AS, inakubalika kwenye ORDER BY bila ubishi.

Kila hifadhidata ina tabia yake hapa. MySQL inaruhusu lakabu ndani ya HAVING, yaani sharti linalochuja baada ya GROUP BY. PostgreSQL hairuhusu, inataka urudie hesabu nzima. SQLite ni laini zaidi, inakubali lakabu hata kwenye WHERE, ila si ya hesabu ya SUM kama hii yetu. Basi mtu anahamisha sharti kwenda HAVING, anarudia zile SUM mbili, swali linapita, anaona kazi imekwisha.

Haijaisha. Chukua ankara moja yenye bidhaa tatu za 40, 30 na 30, na malipo mawili ya 50 na 20. Jumla ni 100, kilicholipwa ni 70, deni ni 30. Hata mtoto atakwambia. Sasa unganisha majedwali hayo matatu kwa pamoja. Kila bidhaa inakutana na kila malipo, kwa hiyo unapata mistari sita. Bidhaa zinahesabiwa mara mbili, zinakuwa 200. Malipo yanahesabiwa mara tatu, yanakuwa 210. Deni linatoka -10, na sharti la `> 0` linaitupa ankara hiyo nje. Mdaiwa amegeuka kuwa mtu aliyelipa kupita kiasi, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu.

Dawa ambayo watu huikimbilia ni `SUM(DISTINCT kiasi)`. Ijaribu kwa tarakimu zilezile: bidhaa mbili za 30 zinahesabiwa kama moja, jumla inakuwa 70, malipo ni 70, deni sifuri. Ankara imepotea tena, safari hii kwa jibu linaloonekana la busara zaidi. DISTINCT inaangalia thamani. Haijui kwamba hizo ni bidhaa mbili tofauti zilizotokea kuwa na bei moja. Nikiiona ndani ya SUM, kwangu ni dalili kwamba kuna muungano uliovimba mahali fulani.

Tundu la pili ni NULL, alama ya kwamba thamani haipo. Ankara ambayo haijalipiwa hata kidogo haina mstari kwenye malipo, kwa hiyo SUM yake ni NULL. Mia toa NULL ni NULL, na NULL ikilinganishwa na sifuri haitoi kweli wala uongo. WHERE na HAVING hubakiza kilicho kweli tu. Matokeo yake, anayedaiwa kuliko wote ndiye asiyeonekana kwenye orodha ya wadaiwa!

Njia ninayoitumia ni kujumlisha kila jedwali kivyake kwanza, kuunganisha baadaye, na kuchuja mwisho kabisa:

```
WITH mauzo AS (
  SELECT ankara_id, SUM(kiasi) AS jumla
  FROM bidhaa GROUP BY ankara_id
), yaliyolipwa AS (
  SELECT ankara_id, SUM(kiasi) AS jumla
  FROM malipo GROUP BY ankara_id
), hesabu AS (
  SELECT a.id,
         COALESCE(s.jumla, 0) - COALESCE(y.jumla, 0) AS deni
  FROM ankara a
  LEFT JOIN mauzo s ON s.ankara_id = a.id
  LEFT JOIN yaliyolipwa y ON y.ankara_id = a.id
)
SELECT id, deni FROM hesabu
WHERE deni > 0
ORDER BY deni DESC;
```

Kila muungano sasa unaleta mstari mmoja au hauleti kitu, hivyo hakuna cha kuvimba. COALESCE inaweka sifuri pale penye NULL. Na deni, likishakokotolewa ndani ya `hesabu`, ni safu kama safu nyingine. WHERE ya nje inaliona bila tatizo. Ukitaka malipo ya kipindi fulani tu, weka tarehe ndani ya `yaliyolipwa`. Ukiiweka kwenye WHERE ya nje ya muungano, ankara zisizo na malipo zitaondoka na LEFT JOIN yako haitakuwa na maana.

Kuhusu kasi, usitarajie faharasa (index, inayoharakisha utafutaji) ikusaidie kwenye deni lenyewe. Safu zinazojikokotoa zenyewe (generated columns), za MySQL na za PostgreSQL, zinaona mstari wao tu. Haziwezi kuchungulia jedwali jingine. Kama ankara unazozihitaji ni chache, mathalani za mteja mmoja, swali la juu linaweza kujumlisha malipo ya wateja wote kabla ya kutupa karibu yote. Hapo LATERAL, yaani swali dogo ndani ya FROM linaloweza kutumia safu za jedwali lililotangulia, inafaa zaidi, kwa kuwa inakokotoa kwa zile ankara zilizopita tu. PostgreSQL inayo tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013, MySQL tangu 8.0.14, na kwenye SQL Server kazi hiyo hufanywa na APPLY.

LATERAL bila faharasa kwenye `malipo.ankara_id` na `bidhaa.ankara_id`, hata hivyo, itasoma jedwali zima kwa kila ankara. MySQL kupitia InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, hujitengenezea faharasa hizo ukitangaza ufunguo wa kigeni (foreign key). PostgreSQL haifanyi hivyo. Itabidi uziunde mwenyewe.