Je, Wajua? Uviko-19 Uliwakwamisha Mabaharia Wenye Ulemavu Gatini, Si Majini

Mashua ya tanga ikipigwa na upepo wa ubavuni hulala, na mabaharia hukimbilia upande wa joshi (upepo unakotoka) ili uzito wao uiinue. Basi aliyepooza miguu, asiyeweza kukimbilia popote, hushindana vipi?

Jibu liko chini ya maji: farumi, yaani uzito unaoizuia mashua isipinduke. Ipo mashua ya mbio iitwayo 2.4mR, ya mtu mmoja, yenye urefu wa kama mita 4.2. Uzito wake ni karibu kilo 260, na kati ya hizo kilo 180 hivi ni madini ya risasi yaliyotiwa kwenye mkuku, uti wa chini wa mashua. Baharia huketi chini kabisa akitazama omo (mbele ya mashua), na ukiwa mbali unaona mabega na kichwa tu. Kamba zote zimepitishwa kwenye makapi (vigurudumu vya kupitishia kamba) hadi mbele ya kifua chake, na usukani anauongoza kwa kanyagio za miguu au kwa kijiti cha mkono. Hahami kutoka pale alipo. Ndiyo maana aliyekatwa mguu, aliyepooza na mwenye miguu yake miwili hupanga mstari mmoja, na hakuna anayepewa upendeleo wa muda.

Ndogo zaidi ni Hansa 303, ya mita 3.03, yenye ubao wa katikati uliotiwa uzito wa kilo 30. Tanga lake huviringwa kwenye mlingoti, kwa hiyo upepo ukizidi, baharia analipunguza akiwa kitini. Kwa anayeanza, mimi ningechagua hii. Na asiyeweza kutumia mikono? Hilary Lister wa Uingereza, aliyepooza kuanzia shingoni, mwaka 2009 alikamilisha safari ya kuizunguka Uingereza peke yake mashuani. Usukani na matanga aliviongoza kwa mirija, akivuta na kupuliza pumzi.

Mchezo huu wa mashua za tanga kwa wenye ulemavu ulitolewa medali za Paralimpiki kuanzia Sydney 2000 hadi Rio 2016, kisha ukaondolewa kwenye ratiba ya Tokyo. Kwa hiyo michezo ya Tokyo ilipoahirishwa tarehe 24 Machi 2020, mabaharia hawa hawakuwa na nafasi ya kupoteza huko. Pigo lao lilikuwa mashindano yao wenyewe kufutwa na mazoezi kusimama.

England iliruhusu tena michezo ya majini tarehe 13 Mei 2020, kwa masharti ya kukaa mbalimbali. Mashua aina ya Sonar, ya mabaharia watatu ndani ya mita 7, ilikuwa taabu, maana humo watu hugusana mabega. Katika mashua ya mtu mmoja, umbali wa mita 2 unapatikana bila kutafutwa. Ungedhani tatizo limekwisha, lakini kabla ya kusafiri lazima mtu aingie mashuani.

Tazama kazi yenyewe. Kiti mwendo kinasogezwa ukingoni, breki zinafungwa. Msaidizi mmoja anapitisha kitambaa cha kunyanyulia chini ya mapaja na nyuma ya mgongo, na uso wake uko kiasi cha shubiri mbili kutoka uso wa baharia. Wa pili anazungusha winchi ya mkono (mtambo wa kunyanyulia), wa tatu anaishika mashua isiondoke. Mtu akishuka, miguu yake inapangwa kwa mkono, mto unanyooshwa usiwe na kunjo (kunjo moja kwa saa mbili huleta kidonda ambacho mwenyewe hakihisi). Hapo hakuna mita 2. Tena aliyeumia uti wa mgongo sehemu za juu ana misuli dhaifu ya kifua, hakohoi kwa nguvu, kwa hiyo ugonjwa wa mapafu kwake ni hatari maradufu.

Njia iliyofaa wakati huo ilikuwa wasaidizi kuwa watu wa nyumbani kwake. Kila baharia awe na kitambaa chake na mrija wake. Barakoa ivaliwe gatini na ivuliwe majini, kwani ikilowa inaziba pumzi. Kamba zioshwe kwa sabuni na maji, maana klorini hula nailoni.

Ukitaka kuleta mchezo huu Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, anza na gati. Mahali pasipo na gati abiria hubebwa mgongoni hadi mtumbwini, na huko ni kukaribiana kuliko winchi. Gati la zege nalo lina shida yake: ziwa hupanda na kushuka, na mwaka 2020 na 2021 Tanganyika lilipanda hadi likafunika maeneo ya mwambao. Gati la kuelea ndilo jibu. Pipa la plastiki la lita 200 likizama lote hubeba karibu kilo 190, lakini piga hesabu ya nusu: mapipa 8 yatabeba kilo 760, ukitoa mbao na misumari zinabaki kama 500. Zinatosha, ila watu wote wakisogea ukingo mmoja gati litainama. Winchi ikae katikati, mkono wake wa kunyanyulia ndio ufike nje. Njia ya kuteremkia iwe na bawaba, na kila sentimita 50 za mteremko zipewe mita 6 za urefu.

Mazoezi yafanyike ndani ya Ghuba ya Kigoma. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusi huwa mkali, na nje ya ghuba mawimbi yametoka mbali. Jua nalo si la kudharau: mwenye jeraha la juu la uti wa mgongo hatoki jasho chini ya jeraha, hivyo mwili huchemka upesi. Mwagie maji shingoni na kifuani kabla hajalalamika.

Usimfunge mtu kwa kamba kitini kamwe. Tumia mkanda wa kunata anaoweza kuubandua mwenyewe. Na jaketi la kujiokolea lijaribiwe kwanza kwenye maji ya kiunoni, kwa sababu miguu iliyopooza mara nyingine huelea na kumgeuza mtu kifudifudi. Asipolala chali mwenyewe ndani ya sekunde chache, tafuta jaketi jingine.